Homa ya Masika Isikuzuie Nyumbani: Zahanati Ziko Wazi

Tangu tarehe 16 Machi 2020, siku Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alipolitangazia Taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 amethibitika nchini, ofisi za kata na vijiji vya Halmashauri yetu zimekuwa zikipokea maswali mengi kuliko malalamiko, jambo ambalo si la kawaida. Watu wanauliza kama mnada utafungwa, kama mtoto aliyerudi kutoka bweni amekuja na ugonjwa, kama dereva wa lori aliyelala nyumba ya wageni juzi atolewe taarifa, kama malimau na tangawizi vinatosha, na kama ndugu walioko Dar es Salaam watazuiwa kuja kuzika. Maswali haya ni ya haki, na mengi yatajibiwa humu. Lipo hata hivyo jambo moja ambalo watu hawaliulizi, bali wanalitenda kimya kimya, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Wananchi wanaacha kwenda zahanati.

Waganga wafawidhi wa zahanati zetu wanaeleza hali inayofanana. Mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, ambayo asubuhi ya siku ya chanjo hujaa hadi wengine wakakaa chini ya mwembe, sasa yana nafasi. Wapo akina mama waliofika langoni, wakaona ndoo ya kunawia na muuguzi aliyefunika pua na mdomo, wakageuza njia. Wapo akina baba wanaomtuma kijana wa bodaboda dukani awaletee dawa ya homa bila mgonjwa kupimwa. Wapo wazee wa shinikizo la damu waliomaliza vidonge na hawajarudi kuchukua vingine, kwa kuwa wanaona heri presha waliyoizoea kuliko korona wasiyoijua. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini kwa tathmini yetu, katika wilaya hii na katika miezi hii ya mvua, hofu hiyo inaweza kutuzikia watu wengi mapema kuliko kirusi chenyewe.

Ugonjwa ulivyotufikia

COVID-19 ni ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na kirusi kipya cha jamii ya korona. Taarifa ya kwanza ya wagonjwa wa nimonia isiyoeleweka ilitoka katika mji wa Wuhan, nchini China, tarehe 31 Desemba 2019. Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likasema wazi kwamba umekuwa janga la dunia. Barani Afrika mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Misri tarehe 14 Februari. Kenya ilifuata tarehe 13 Machi, Rwanda siku iliyofuata, kisha sisi, kwa msafiri aliyetoka Ubelgiji na kuingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Hadi mwanzoni mwa Aprili 2020, waliothibitishwa duniani walikuwa wamevuka milioni moja. Nchini mwetu walikuwa wamezidi 20, na tarehe 31 Machi Taifa lilimpoteza mgonjwa wa kwanza.

Neno janga limewatisha wengi, na inafaa lieleweke. Shirika la Afya Duniani linapolitumia halipimi ukali wa ugonjwa kwa mgonjwa mmoja mmoja. Linapima upana wake, yaani kwamba sasa unaenea kutoka mtu hadi mtu katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kuhusu ukali, takwimu za mwanzo kutoka China zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100, takribani 80 hupata homa na kikohozi cha kawaida na kupona. Waliobaki huugua sana, na baadhi yao huhitaji oksijeni au uangalizi wa karibu hospitalini. Wanaoelemewa zaidi ni wazee na watu wenye kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ya mapafu. Ndiyo maana kijana mwenye afya anapoambiwa ajikinge, hakingi kifua chake peke yake. Anamkinga bibi anayelala chumba cha pili.

Kirusi husafiri zaidi kupitia matone yanayotoka puani na mdomoni mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza kwa karibu, na pia kupitia mikono iliyogusa matone hayo kisha ikagusa macho, pua au mdomo. Baada ya kuingia mwilini, dalili huonekana mara nyingi katika siku ya tano au ya sita, ila zaweza kuchelewa hadi siku 14. Hapo ndipo ilipotoka hesabu ya karantini ya siku 14 ambayo Serikali iliwawekea mwaka 2020 wasafiri waliotoka nchi zilizoathirika. Hesabu hiyo haina maana kwamba kila anayewekwa karantini ni mgonjwa. Anasubiriwa tu muda upite.

Homa ipi?

Tuko katikati ya masika. Kila mwaka katika miezi hii mbu huongezeka, malaria hupanda, watoto hukohoa, na nyumba nyingi hupata homa walau mara moja. Mwaka huu homa hiyo hiyo ya kila mwaka imekuja wakati ambapo neno homa limebadilika maana. Mtu akisikia baridi na maumivu ya viungo, jambo la kwanza linalomjia si mbu waliomuuma wiki mbili zilizopita, bali habari aliyoisikia redioni. Kisha anajiuliza majirani watasemaje wakimwona anaelekea zahanati.

Kwa dalili peke yake si rahisi kutofautisha maradhi haya, hata kwa tabibu. Malaria huja na homa, baridi kali, jasho, kichwa kuuma, viungo kuuma na mara nyingi kutapika. COVID-19 huja na homa, kikohozi kikavu, uchovu na, kwa waliozidiwa, kupumua kwa shida. Mafua ya kawaida huanza na pua na koo. Lakini mtoto mwenye malaria anaweza kukohoa, mtu mzima mwenye COVID-19 anaweza kuanza kwa kuumwa kichwa tu, na hakuna kinachomzuia mtu mmoja kuwa na maradhi mawili kwa pamoja. Kwa hiyo jibu haliwezi kupatikana kitandani nyumbani, wala kwa kulinganisha dalili na ujumbe uliosambazwa kwa simu. Malaria ina kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, kinachotoa jibu ndani ya muda usiozidi nusu saa, nacho hupatikana katika zahanati. Ikithibitika, ipo dawa mseto, nayo huponya iwapo mgonjwa ataianza mapema na kuimaliza.

Neno mapema hapa ni la kuhesabiwa kwa saa. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa anapaswa kupimwa na kuanza tiba ndani ya saa 24. Malaria kali haingoji. Mtoto aliyekuwa akicheza jana anaweza kupata degedege leo usiku, akapungukiwa damu kesho, na mzazi akabaki akisimulia kwamba alikuwa akingoja aone kama kikohozi kitatokea. Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maambukizi kwa watoto wa umri huo nchini yameshuka hadi asilimia 7.3, kutoka zaidi ya asilimia 14 mwaka 2015/16. Mafanikio hayo yamejengwa na vyandarua, vipimo na dawa, na yote matatu yanategemea mwananchi kufika kituoni. Mjamzito hupewa chandarua chake kliniki, na dawa ya kinga ya malaria huimezea pale pale. Asipofika hapewi, hata kama bohari imejaa.

Hali kama hii imewahi kutokea mahali pengine, na matokeo yake yanajulikana. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, kati ya mwaka 2014 na 2016, nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone zilipata wagonjwa zaidi ya 28,600, na zaidi ya watu 11,300 walifariki. Dunia iliviona vifo hivyo. Vifo ambavyo havikuonekana ni vya watu waliokaa nyumbani na malaria kwa kuogopa vituo vya afya, au waliokuta vituo vyenyewe vimefungwa kwa sababu wahudumu wamekufa au wamekimbia. Watafiti waliopiga hesabu baadaye walikadiria kwamba vifo vya ziada vya malaria, UKIMWI na kifua kikuu vilivyotokana na kukatika kwa huduma vilikaribia idadi ya vifo vya Ebola yenyewe, au hata kuizidi.

Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamepitia jambo linalofanana na hilo hivi karibuni. Wakati macho ya dunia yalikuwa yameelekezwa kwenye Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyoua zaidi ya watu 2,200 tangu Agosti 2018, ugonjwa wa surua ulikuwa ukienea nchini humo. Hadi Januari 2020 surua ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 tangu mwanzo wa mwaka 2019, wengi wao watoto. Surua ni ugonjwa wenye chanjo. Hapa kwetu mtoto huipata, pamoja na ya rubella, akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Mama anayeahirisha tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto kwa kuogopa korona anamwacha mtoto wake wazi kwa ugonjwa unaomtafuta yeye hasa, huku akikimbia ugonjwa ambao kwa takwimu za hadi sasa huwasumbua watoto wachache.

Kundi jingine linalohitaji kutajwa ni la wenye kikohozi cha muda mrefu. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi alikuwa akihimizwa siku zote aende kupima kifua kikuu. Siku hizi mtu huyo anajificha. Anakoholea ndani ya mto, anaacha kupanda daladala, anaogopa kunyooshewa kidole. Kifua kikuu kinatibika kwa dawa za miezi sita zinazotolewa bila malipo, lakini kikifichwa ndani kinawaambukiza wale wale anaodhani anawalinda. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, dawa za kifua kikuu, za sukari au za presha, maelekezo ni mafupi: usikatishe dozi hata siku moja. Anayehofia msongamano amuulize mhudumu wake kama anaweza kupewa dawa za muda mrefu zaidi kwa safari moja.

Ukifika langoni

Yale yanayowashtua watu langoni mwa zahanati yamewekwa ili mgonjwa wa malaria asikae bega kwa bega na mwenye kikohozi. Utaratibu ni huu. Unanawa mikono kwenye ndoo yenye koki. Muuguzi anakuuliza unasumbuliwa na nini, kama umesafiri nje ya nchi au kukaa karibu na aliyesafiri katika siku 14 zilizopita, na kama kuna mgonjwa nyumbani. Mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida anaelekezwa kukaa upande wake, penye hewa, na anahudumiwa bila kuchanganywa na foleni ya kliniki. Wengine wanaendelea na huduma kama siku zote, kwa kuachiana nafasi ya walau mita moja. Muuguzi aliyevaa barakoa hajavaa kwa sababu wewe ni mgonjwa wa korona. Amevaa kwa sababu atawaona wagonjwa wengi kwa siku, na asingependa kukupelekea nyumbani kilichotoka kwa mwenzako.

Tabibu akimshuku mtu kuwa na COVID-19, anawasiliana na ofisi ya Mganga Mkuu, na hatua za kumtenga mgonjwa, kuchukua sampuli na kufuatilia aliokutana nao huanza hapo. Mwaka 2020 sampuli zilipimwa katika maabara ya Taifa jijini Dar es Salaam. Wananchi wengi wameuliza kwa nini kila mwenye mafua asipimwe ili roho zitulie. Kipimo hiki hakifanani na kile cha malaria. Kinahitaji mashine, vitendanishi na wataalamu, na mwaka 2020 dunia nzima ilivigombea. Basi kilitumika kwanza pale ambapo shaka ilikuwa kubwa. Kutopimwa hakumaanishi kwamba umepuuzwa.

Asiyeweza kufika, au aliyetoka safari akaanza kuugua, asianze kuzunguka kwa bodaboda kutafuta msaada. Abaki nyumbani, apige simu namba 199 ya Wizara ya Afya, isiyo na malipo, au amwite mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake. Wahudumu hao, ambao wengi tunawaita WAJA, ndio waliotembea nyumba kwa nyumba wakati wa kipindupindu kilichoanza Agosti 2015. Wanazijua njia za mkato, wanawajua wajawazito wote wa kitongoji, na wanajua nani anaishi peke yake. Ukiniuliza mimi, kama wilaya hii ina ghala la maandalizi ambalo halijaandikwa katika orodha ya vifaa, ghala hilo ni wao.

Sabuni ya mche na kibuyu chirizi

Katika wiki ya kwanza baada ya tangazo, chupa ndogo za vitakasa mikono zilipotea madukani, na zilizobaki zikapandishwa bei kiasi cha aibu. Waliozikosa walidhani wamekosa kinga. Hawakukosa. Kirusi hiki kimezungukwa na utando wa mafuta, na utando huo ndio unaokishikilia kisisambaratike. Sabuni huyeyusha mafuta, kama ajuavyo kila aliyewahi kuosha sufuria ya nyama. Ikisuguliwa mikononi kwa sekunde 20, viganjani, migongoni mwa mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, huupasua utando huo na kirusi hufa. Kipande cha sabuni ya mche cha shilingi chache kinafanya kazi hiyo sawasawa na chupa ya bei mbaya. Kitakasa mikono ni cha mahali pasipo na maji, nacho sharti kiwe na kileo cha asilimia 60 au zaidi. Gongo si kitakasa mikono. Nguvu yake haijulikani, na kuinywa kwa imani kwamba inaua kirusi tumboni ni kutafuta kifo kingine. Nchini Iran watu wengi walikufa mwaka 2020 kwa kunywa pombe yenye sumu, wakidhani ni kinga.

Tatizo halisi la wilaya yetu ni maji. Kumwambia mtu anawe mara kumi kwa siku wakati ndoo moja inampeleka kisimani nusu saa ni kumwambia nusu ya habari. Ndiyo maana Idara ya Afya inasisitiza kibuyu chirizi, ambacho kinatumia maji kidogo sana na hakihitaji kushikwa kwa mikono. Chukua dumu la lita tatu au tano lenye mfuniko. Toboa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, karibu na shingo ya dumu upande wa mbele. Simika miti miwili yenye panda, laza mti wa tatu juu yake, na upitishe mti huo katika mkono wa dumu ili lining'inie. Funga kamba shingoni mwa dumu, uishushe hadi kwenye kijiti kilicholala karibu na ardhi. Ukikikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, linarudi. Sabuni itobolewe katikati na kuning'inizwa kwa kamba pembeni ili kuku wasiibebe. Chini weka kokoto, pasiwe na tope la kuzalia mbu, maana hatutaki kuzuia korona kwa kufuga malaria.

Kibuyu kimoja kiwe chooni na kingine mbele ya nyumba, mgeni anapoingilia. Mvua hizi ni neema kwa hilo. Maji ya paa yakikingwa kwenye pipa lililofunikwa yanatosha kabisa kunawia. Kwa kaya isiyo na sabuni kabisa, jivu safi ni afadhali kuliko maji matupu, ingawa haliifikii sabuni. Viongozi wa masoko na stendi wamekwisha kuelekezwa kuweka matangi ya kunawia. Mwananchi akikuta tangi halina maji amwambie mtendaji wa kata siku hiyo hiyo, kwa kuwa tangi tupu huwafanya watu wadhani jambo hili ni la picha tu.

Yanayosemwa vijiweni

Tumesikia kwamba mtu mweusi hapati ugonjwa huu. Mwanamuziki mashuhuri wa Kamerun, Manu Dibango, alifariki kwa COVID-19 huko Ufaransa tarehe 24 Machi, na nchi nyingi za Afrika tayari zina wagonjwa. Tumesikia kwamba joto linakiua kirusi. Singapore, iliyo karibu na ikweta na yenye joto mwaka mzima, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupata maambukizi nje ya China. Tangawizi, malimau na kitunguu saumu ni vyakula vizuri, na anayevipenda aendelee kuvila, ila hakuna ushahidi kwamba vinazuia wala kuponya. Mwenye fedha ya kuchagua kati ya kilo ya tangawizi kwa bei ya sasa na miche miwili ya sabuni, anunue sabuni.

La hatari zaidi ni klorokwini. Zipo habari kwamba dawa hiyo, ambayo nchi yetu iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2001, ilijaribiwa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa COVID-19 katika nchi kadhaa. Majaribio hayo yalifanywa na madaktari, kwa vipimo na kwa uangalizi. Nchini Nigeria, mwezi Machi, watu walilazwa hospitalini kwa sumu baada ya kuimeza wenyewe. Wenye maduka ya dawa muhimu wanakumbushwa kutoiuza kiholela, na wazazi wanakumbushwa kutoifukua katika makabati ya zamani.

Liko pia neno linalotupiwa wapita njia. Wageni wa miradi ya barabara, madereva wa malori na hata vijana wetu wanaorudi kutoka mijini wameitwa "korona" hadharani. Mbali na kuwa ni utovu wa adabu, jambo hili linaharibu kazi ya ufuatiliaji. Anayetukanwa hujificha, na anayejificha hatoi taarifa anapoanza kuugua.

Msiba, ibada na watoto waliofungiwa nyumbani

Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza tarehe 17 Machi kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30, na kusitishwa kwa mikusanyiko isiyo ya lazima. Nyumba za ibada ziko wazi. Katika Pasaka na Ramadhani, viongozi wa dini wanaombwa kuweka maji na sabuni milangoni, kuongeza idadi ya ibada ili kila moja iwe na watu wachache, na kuwaruhusu wazee wasali nyumbani bila kuonekana wamelegea. Futari ya pamoja inaweza kugawanywa majumbani mwaka huu.

Kuhusu misiba hatuwezi kuandika kwamba watu wasizikane. Kinachowezekana ni kuzika kwa watu wachache, kufupisha matanga, kutoa pole bila kushikana mikono, kila mmoja kula katika sahani yake, na ndugu walio mbali kutuma rambirambi kwa simu. Salamu yetu, kwa bahati njema, haikuhitaji mkono tangu mwanzo. Shikamoo hufika hata ikitamkwa kutoka ng'ambo ya uchochoro, na marahaba hurudi vivyo hivyo.

Watoto hawakurudishwa nyumbani ili wakazurure gulioni. Wakikusanyika kibandani kutazama mpira wa zamani kwenye televisheni, shule imehamishwa tu. Msimu huu pia mito na mabwawa yamejaa, na mtoto asiye na shughuli huyafuata. Tuwaangalie mabinti kwa jicho la pekee. Sierra Leone, shule zilipofungwa kwa ajili ya Ebola, mimba za wasichana ziliongezeka, na wengi wao hawakurudi madarasani. Wazazi, walezi na viongozi wa vitongoji wajue binti wa kila nyumba yuko wapi jioni, na taarifa ya anayemnyemelea mwanafunzi ifikishwe kwa ofisa ustawi wa jamii au polisi bila kusubiri shule kufunguliwa.

Kwa wanaouliza kuhusu chakula, masoko hayajafungwa na malori ya mizigo yanaendelea kupita. Hakuna sababu ya kuuza mbuzi ili kujaza gunia la nne la mahindi. Anayenunua kuliko mahitaji yake katika kipindi hiki, kabla ya mavuno, anapandisha bei kwa jirani anayenunua kwa kisado.

Kliniki ya mama na mtoto inaendelea katika zahanati na vituo vyote vya afya vya Halmashauri kwa siku zile zile zilizoandikwa kwenye kadi. Ili kupunguza msongamano, akina mama wa kila kijiji watapangiwa saa na WAJA wa kitongoji chao. Asiyepangiwa hadi siku yake inafika, aende asubuhi kama kawaida, atapokelewa. Huduma ya kujifungua ni ya saa zote, usiku na mchana, na mjamzito asiombe ruhusa ya mtu yeyote kuhusu korona kabla ya kuja. Mtoto mwenye homa aletwe siku hiyo hiyo.